Mwezi Uliotunyima Sambaza

Simu yangu haina adabu. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu hapa Cimpunda, Bukavu, nachambua maharage, umeme umekatika tangu jana yake, mfuko wa makaa umepanda bei tena, na yenyewe ikaanza kutetemeka ili inipe habari za mbinguni. Nina mpwa wangu aliyeko Ulaya, ana ugonjwa wa kunitumia habari za sayansi. Mara darubini mpya imepiga picha ya nyota zilizokufa kabla ya kuzaliwa kwa dunia. Mara watu wanajiandaa kurudi Mwezini. Mara wataalamu wamegundua miezi mingine midogo, inayozunguka sayari ya mbali ambayo hata jina lake nimelisahau. Hiyo ya miezi ilinichekesha kwa hasira. Huu mmoja tulio nao umetutesa vya kutosha, hiyo mingine ni ya kazi gani?

Safari hii aliandika kwamba Jumapili jioni mwezi ungepatwa mzima, ukiwa mpevu, mapema kabla watu hawajalala, na kwamba sisi huku Kivu tungeuona vizuri. Akamalizia: "Tantine, usikose." Niliweka ungo wa maharage chini. Yeye hajui, alizaliwa baadaye sana. Hajui kuna mtu aliyengoja jambo hilohilo miaka yote ya uzee wake, na akafa hajalipata.

Basi Jumapili baada ya misa nikajifunga kitenge, nikamwachia jirani ufunguo, nikaenda Kasha, kwa mama mdogo, kwenye kiwanja kilichokuwa cha bibi yangu. Sisi wajukuu tulimwita Koko. Kama mwezi ule ulipaswa kuonwa kutoka mahali fulani, ni pale.

Rafiki yangu, kama hukuiona Kasha ya wakati ule sijui nikuelezeje. Nyumba ya Koko ilikuwa mteremkoni, chini yake migomba, chini ya migomba ziwa. Jioni zisizo na mwezi, ziwa liliota taa. Wavuvi wa sambaza huvua kwa mwanga: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, wavu unashushwa katikati, taa za karabai zinawashwa, na wale samaki wadogo wanapanda wenyewe kuufuata mwanga. Ukiwa juu pale kwa Koko ungedhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji, tena mji wenye umeme kuliko wa kwetu. Wavuvi walikuwa wakiimba wakipiga makasia, na ule wimbo ulipanda mteremko mpaka kwenye mkeka wetu. Nililala nao kila siku bila kujua kwamba ni kitu kinachoweza kukoma.

Asubuhi kazi zilikuwa zetu. Tulibeba mabeseni kutoka ufukoni, maji ya samaki yakituchuruzikia shingoni. Tulianika sambaza juani na kukaa na fimbo kuwafukuza kuku na mwewe. Koko alikaanga nyingine kwenye mafuta ya mawese, akaweka pilipili, na harufu ile ilituchosha roho, kwa maana tulikatazwa kugusa mpaka wateja wapite. Tulipata zilizovunjika vichwa. Mpaka leo naamini sambaza aliyevunjika kichwa ni mtamu kuliko mzima.

Halafu mwezi ulikuja kuharibu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima ni taa. Sambaza hawaoni sababu ya kuufuata mwanga wa mtu, wanatawanyika, na wavuvi wanafunga mitumbwi na kulala. Siku hizo Koko aligeuza kikaango juu chini na sisi tukala bugali na sombe ya majani ya muhogo, sombe na bugali, na mchicha wa lenga-lenga ukibahatika. Shuleni watoto wengine walichora mwezi unatabasamu. Mimi niliuchora na meno.

Sasa nikwambie jambo lililomuudhi Koko kuliko yote. Pasaka. Pasaka hufuata mwezi mpevu. Ndivyo Kanisa linavyohesabu tangu zamani. Maana yake Juma Kuu, ile wiki moja ambayo Wakatoliki wote wa Bukavu wanatafuta samaki kwa sababu nyama imekatazwa, mara nyingi ndiyo wiki ambayo ziwa letu halitoi hata mmoja. Ijumaa Kuu wateja walipanda na kushuka mlangoni kwa Koko na mabakuli matupu. Alisali kweli, bibi yangu, lakini nilimsikia siku moja akisema mbele ya sanamu ya Bikira Maria, kwa sauti ya mtu anayelalamika kwa jirani: "Maman, hawa bapadri balipanga Pasaka bila kuuliza wavuvi."

Mwaka ninaoukumbuka mimi nilikuwa darasa la nne. Shirika letu la wakristo wa mtaa lilikuwa na desturi: Ijumaa Kuu, baada ya njia ya msalaba, watu walikula pamoja nyumbani kwa mmoja wao, na mwaka ule zamu ilimwangukia Koko. Katika mkutano, maman presidente wa shirika, mwanamke mnene aliyependa utani, akasema basi tujiandae kula maharage kwa muuza samaki. Wote wakacheka. Koko akainuka. Nilimwona akikaza kitenge kiunoni, na nikajua mambo yameanza.

"Mwaka huu," akasema, "mutakula sambaza kwangu. Ijumaa Kuu. Fresh. Kama si vile, musiniite tena muuza samaki."

Tukarudi nyumbani. Akiba ya sambaza wakavu ilikuwa imeota ukungu kwa mvua za Machi. Alikuwa ametoa neno mbele ya shirika zima na hakuwa na kitu cha kulishikia.

Siku zile kwetu habari za sayansi zilikuwa zinaletwa na mwalimu wangu. Alikuwa kijana mrefu, koti moja, redio moja ya mawimbi mafupi aliyoilaza sikioni kama mtu mwenye maumivu ya jino. Alichosikia usiku alitupa asubuhi, kiwe kwenye ratiba au kisiwe: roketi, volkano, mifupa ya wanyama wakubwa. Wiki kabla ya Juma Kuu aliingia darasani na tochi, parachichi moja, au voka kama tunavyoliita, na ndimu. Tochi ni jua, akasema, voka ni dunia, ndimu ni mwezi. Akafunga madirisha, akatuonyesha jinsi kivuli cha voka kinavyoifunika ndimu mpaka isionekane. Alhamisi Kuu, akasema, mwezi utazimika mzima, muda mfupi baada ya chakula cha jioni, nao utakaa gizani zaidi ya saa nzima. Wakati wa mapumziko aliikata dunia kwa kisu, akaila na chumvi.

Nilikimbia nyumbani bila kuwangoja wenzangu.

"Koko, mwalimu anasema mwezi itazimika siku ya ine!"

Alikuwa anaosha mabeseni kwa majivu. Hakuinua kichwa. "Nani atayizima?"

Nikamweleza tochi, voka na ndimu. Niliona mikono yake inapunguza mwendo, kisha ikasimama. Hakuuliza kwa nini mwezi unazimika, wala kama ni ishara ya mabaya, kama majirani walivyouliza baadaye. Aliuliza swali moja tu: "Itakaa mu giza muda gani?"

"Saa nzima na zaidi."

"Saa nzima iko beseni tatu," akasema Koko. Akainuka, akaenda kwa kapita.

Kapita ndiye aliyekuwa mkubwa wa mitumbwi pale kwetu, jirani, mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia mvua inanyesha anatoka nje kuhakikisha. Alimsikiliza Koko akishona wavu, kisha akacheka mpaka akadondosha sindano.

"Koko, mwezi iko mukubwa vile, miye ninaenda kufanya nini kwa ziwa? Kuoga?"

"Inazimika. Mutoto alisoma ku masomo."

"Ku masomo balimufundisha pia kama dunia inazunguka, na nyumba yangu haiyatembea."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Koko akaweka kuku wake mweusi, yule anayetaga. Kama mwezi hauzimiki, kapita anachukua kuku. Ukizimika, analeta sambaza, na anasema mbele ya shirika lote kwamba mwalimu na mtoto hawakudanganya. Kapita alikuwa amemtamani kuku yule kwa muda mrefu. Akakubali.

Alhamisi Kuu watu walipanda kanisani kwenda kuabudu. Koko alikwenda misa, akapokea komunyo, akatoka upande wa nyuma kabla ya kuabudu kuanza, tukashuka mimi na yeye mpaka ufukoni na mabeseni matatu. Maman presidente alituona. Nilijua kesho yake tungesemwa.

Mwezi ulipanda ng'ambo, juu ya milima ya Rwanda, mkubwa na mweupe mpaka ungeweza kuokota sindano mchangani. Kapita na watu wake waliingia mitumbwini wakicheka, wakipiga makasia taratibu kama watu wanaokwenda kuchukua kuku. Mwalimu alikuwepo pia, koti lake limefungwa vifungo vyote, saa mkononi.

Halafu, rafiki yangu, mawingu.

Yalitoka upande wa Idjwi, mazito, meusi, mawingu ya Aprili yale unayoyajua. Bado dakika chache mwezi uanze kuliwa, yakaufunika wote. Mwalimu aliinua mikono juu kama mtu anayeibiwa. Alizunguka pale mchangani akisema, "Si sasa, si sasa!" Hatukuona kitu. Si ukingo, si kivuli, si ndimu wala voka. Giza tu lilitanda, zito, na ziwani nikaona taa ya kwanza inawaka, kisha ya pili. Baadaye kidogo wimbo ukaanza, ule wa kuvuta wavu. Koko akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

Walirudi na mabeseni matatu. Yamejaa. Sambaza wakirukaruka, wakimetameta kwenye mwanga wa karabai, siku ya mwezi mpevu, kitu ambacho hakuna mtu pale ufukoni aliyewahi kukiona. Mwalimu alilia. Mimi nilicheka. Koko alipiga ishara ya msalaba, kisha akaanza kuwapanga vijana wa kubeba.

Ijumaa Kuu shirika lilikula sambaza fresh kwa Koko, na neno lake likasimama. Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini kapita alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele na sahani yake, na alipomaliza kulamba vidole akasema sasa anataka kuku wake.

"Kuku ya nini?" Koko akauliza. "Sambaza uko unaikula."

"Niko nakula sambaza ya mawingu. Mwezi sikuiona ikizimika."

Mwalimu akasimama, akaeleza kwamba mwezi ulizimika kwa saa ileile iliyotangazwa, nyuma ya mawingu, na dunia nzima kwenye anga safi iliuona.

"Nyuma ya mawingu," akasema kapita, "hata miye niko Papa wa Roma."

Shirika zima liliangua kicheko, Ijumaa Kuu, vinywa vimejaa samaki. Ndicho kinachoniuma mpaka leo. Samaki walikuwa mbele yao, wakitafunwa, na bado mwalimu ndiye aliyeonekana mwongo. Wazazi walimwambia mkurugenzi wa shule kwamba watoto wamepelekwa pale kujifunza kuhesabu, si mambo ya wachawi wa redio. Mwalimu aliacha kutuletea habari. Tochi haikuonekana tena. Miaka miwili baadaye mshahara ulipozidi kuchelewa, akaacha chaki, akaenda Shabunda kutafuta dhahabu, na sijui alifia wapi au kama yu hai. Ningempata leo ningemkalisha mbele ya shirika lile, waliobaki, nimlazimishe kila mmoja amwombe msamaha.

Kuku mweusi hakuchukuliwa na kapita, wala Koko hakuthubutu kumla, maana shauri halikuwa limekatwa. Aliishi kama malkia. Alipokutwa amekufa kwa uzee asubuhi moja ya mvua, kapita alikuja kutoa pole, akauliza kama marehemu ameacha mayai.

Koko hakusahau. Alisema siku moja mwezi utazimika mbele ya macho ya watu wote, bila wingu, mapema, wavuvi wakiwa macho, na siku hiyo kapita atakaa kwenye benchi lilelile na kusema alichoahidi kusema. Kila mara nilipotoka shule, hata nilipokuwa sekondari, aliniuliza: "Na mwezi, banasema nini?" Nikiona picha ya mzungu mwenye darubini kwenye gazeti lililofungia sabuni, nilisoma kama kuna habari ya mwezi. Mwezi ulipatwa mara kadhaa, lakini ni kama ulikuwa umetukataa. Mara moja ulikuja alfajiri wavuvi wamelala. Mara nyingine mvua ilinyesha jioni nzima. Na kuna mara ulikuja angani safi kabisa, lakini kulikuwa na milio ya bunduki, na tulikuwa chini ya kitanda.

Koko alikufa wiki ya giza, isiyo na mwezi, sambaza wakiwa wengi. Ziwa lilijaa taa. Wavuvi walileta mabeseni kwa ajili ya matanga bila kuombwa, na kapita ndiye aliyebeba la kwanza.

Basi Jumapili ile nilifika Kasha jua linashuka. Mama mdogo alikuwa amepika. Migomba imepungua, nyumba zimeteremka mpaka karibu na maji, na kwenye kila kiwanja kuna ukuta. Tulikaa ndani ya ua kwa sababu siku hizi mtu hatembei jioni bila sababu. Mara nikasikia fimbo inagonga langoni, na kapita akaingia, mzee sasa, mguu mmoja mgumu, kiti chake cha plastiki kimebebwa na mjukuu. Mama mdogo alikuwa amemwambia. Akanisalimu, akakaa, akatazama juu kwa mashaka yaleyale ya siku zote.

Mbingu ilikuwa safi. Sijawahi kuona mbingu safi namna ile. Mwezi ulipanda milima ya Rwanda mweupe, mviringo, na dakika ileile mpwa wangu aliyoiandika, ukaanza kuliwa pembeni. Ulikwisha polepole, mpaka ukabaki wekundu wa mawese yaliyopoa. Watoto wa jirani walipanda ukuta. Mahali fulani mbwa akabweka. Nilitaka kumtazama kapita nimwone anashindwa, kwa niaba ya Koko, kwa niaba ya mwalimu.

Lakini kapita hakuwa anatazama juu tena. Alikuwa amegeuza kiti. Alikuwa anatazama ziwa.

"Ona ile giza," akasema. "Saa hii sambaza bote biko juu. Ningeshusha wavu pale, mbele ya ile jiwe." Akanyoosha kidole, lakini hakukuwa na jiwe la kuonekana, wala maji. Kulikuwa kweusi tupu. Hakuna taa hata moja, kutoka kwetu mpaka ng'ambo. Tangu hali ya usalama iharibike, wavuvi wameambiwa ziwa linafungwa jua likizama. Atakayewasha taa juu ya maji atadhaniwa ni mtu mwenye bunduki.

Mama mdogo akaleta sahani. Sombe. Hakukuwa na samaki ndani, na hakuomba radhi, kwa kuwa siku hizi hakuna anayeomba radhi kwa hilo. Tulikaa kwenye giza lile la ajabu, giza ambalo Koko aliliombea, mapema, bila wingu, wavuvi wakiwa macho kila mmoja nyuma ya ukuta wake.

"Ingetosha beseni tatu," kapita akasema. Halafu akakohoa, akashika fimbo yake kwa mikono yote miwili. "Mwalimu hakudanganya. Na we mutoto pia. Kuku ilikuwa ya Koko."

Nilidhani nitafurahi. Nilikasirika, rafiki yangu, nikasukuma sahani ya sombe pembeni. Miaka yote hiyo nilitaka neno lile, na limekuja kutolewa mbele ya watu wawili na mjukuu, ufuko umekufa, aliyeahidiwa yuko kaburini, mwalimu hajulikani alipo. Nilitaka kumwambia kapita angelisema siku ile kwenye benchi, akiwa na samaki mdomoni. Sikumwambia. Alikuwa bado anatazama kuelekea lile jiwe.

Simu ikatetemeka tena. Mpwa wangu: "Tantine, umeona? Si ni nzuri?" Nikaizima.

Baada ya muda mwanga ukaanza kurudi, kwanza uzi mwembamba, kisha nusu, kisha mwezi mzima, mkubwa, mweupe, ukalimulika ziwa lote mpaka kwenye milima ya ng'ambo. Lilikuwa tupu, na mwezi haukuwa na wavu hata mmoja wa kuharibu.